Sahihi ya Kumi na Mbili

Karani wa wakili alipiga simu Jumanne saa nne asubuhi, Warni akiwa kazini, anakunja shuka za hospitali zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado moto.

"Wakili ana nafasi mbili tu," karani alisema. "Alhamisi hii au Jumatatu ijayo. Atakuja mwenyewe na karatasi mpaka nyumbani, maana yule mama hawezi kupanda ngazi zetu. Chagua."

Sahihi kumi na moja za kumuuzia Warni nyumba zilikuwa zimeshapatikana. Nyumba ilikuwa ya urithi, haikuwahi kugawanywa tangu mzee Lieveld afariki, na warithi walikuwa kumi na wawili, wametawanyika kama mchele uliomwagika: wachache hapa Paramaribo, wengi Uholanzi, mmoja Kayeni. Ilimchukua Warni miaka miwili kuwasaka, kuwabembeleza na kuvumilia majibu yao. Alibaki mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akiishi humo ndani: Bibi Josefien, binti wa mwisho wa marehemu. Yeye alikubali tangu siku ya kwanza, kwa sharti kwamba chumba cha chini kibaki chake mpaka Mungu amwite. Ndiyo maana walimwacha awe wa mwisho. Nani anamkimbiza kuku aliyemo bandani?

Neno Alhamisi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Warni. Hapo akakumbuka Jumamosi.

Jumamosi Bibi Josefien anatimiza miaka tisini. Watu hukodi bendi kwa miaka hamsini na tano, seuze tisini. Na jioni ya jana, Jumatatu, Warni alipompelekea supu, alimkuta ukumbini na simu sikioni, koto lake, lile gauni pana la sherehe la Kikrioli, limetandazwa mezani, limepigwa wanga likawa gumu kama kadibodi. "Kwangu," Bibi alikuwa akimpigia mtu kelele, kiziwi mwenzake bila shaka. "Wapi tena? Kwangu! Nyumba ya baba, pale pale. Na usinijie na suruali."

"Haloo?" karani aliita.

"Jumatatu," Warni akasema.

"Una hakika? Barua ya mkopo wenu inakwisha nguvu tarehe thelathini."

"Jumatatu ni tarehe ishirini na tano. Kuhesabu najua."

* * *

"Jumatatu?" mumewe Lesley alisema jioni ile, hata viatu hajavua. "Mtu anapewa Alhamisi, anachukua Jumatatu. Kwani Alhamisi ina ukoma?"

"Jumamosi ni sherehe yake."

"Sasa? Atasaini, halafu atacheza. Kiuno kinachocheza si mkono unaosaini."

"Lesley, wewe ungependa watu waje kukuimbia kwenye nyumba uliyoiuza juzi? Awaambie karibuni kwa nani? Karibuni kwa Warni?"

"Awaambie karibuni, basi. Nani atamuuliza hati?"

"Mwenyewe atajua."

Lesley alikaa kitandani, maana kwenye vyumba vyao viwili vya nyumba za serikali hapakuwa na pengine pa kukaa. Watoto wanne, watu wazima wawili, na ndoo ya kudumu chini ya bati linalovuja. Serafine, mkubwa, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa akilala jikoni kwenye godoro linalosimamishwa ukutani kila alfajiri. Mtihani wake wa uuguzi alikuwa akiusomea chooni, mlango umefungwa, wadogo zake wakigonga.

"Angekuwa bibi yako mzaa mama," Warni akasema, "ungemleta wakili Alhamisi?"

Lesley alifikiri. "Bibi yangu hakuwa na nyumba," akajibu. Kisha akaanza kufungua kamba za viatu, na Warni akajua ameshinda.

Serafine alikuwa anashona pazia. Chumba chake cha juu, kule kwenye nyumba ya Bibi, alikuwa amekipima kwa kamba mara tatu: dirisha refu, linatazama kwa sonara Radjkoemar na bendera zake za maombi, nyekundu na njano, zilizochomekwa uani. Mbele duka la Mchina, nyuma msikiti, kona ya pili kanisa. Katika mtaa ule hakuna anayemgeukia mtoto wa Mjava na Mkrioli akamuuliza, wewe ni wa nani. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, kila mlango na sufuria yake.

Hata bati la nyumba ile lilikuwa lao. Mwezi wa tatu mkaguzi wa benki alipanda juu, akakuta beseni katikati ya sakafu, akafunga daftari. Benki haikopeshi nyumba inayovuja. Warni akachukua zamu yake ya upatu, ile aliyoingojea mwaka na nusu, wakanunua mabati sitini. Lesley na marafiki zake wawili waliyapiga Jumapili tatu mfululizo, na Bibi Josefien chini, kwenye kiti chake, akipiga kelele: "Lesley! Ukianguka, usiangukie maua yangu!"

"Sianguki, Bibi! Bado hujaniuzia!"

"Basi anguka nikishakuuzia!"

* * *

Jumamosi walikuja zaidi ya watu mia. Bendi ya matarumbeta ilianzia kona ya kanisa, Bibi akiwa nyuma yake kwenye gari la wazi la mpwa wa sonara, amesimama amejishikilia, koto la bluu na nyeupe limemjaza hata akaonekana mnene. Kilemba chake kilifungwa kwa mtindo wa ncha tatu, na wazee waliokijua walicheka, kwa sababu mtindo ule ulisema: waacheni waseme.

Warni alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika pom, kuku wa kuokwa ndani ya mizizi iliyokunwa, trei sita, na tambi za kwao za Kijava, na mke wa Radjkoemar akaleta chapati na viazi. Alasiri alitoka kufuta jasho, akakuta Bibi anamwita kwa kidole kutoka kwenye ukumbi wa mbele.

"Njoo hapa. Vua hiyo aproni."

"Bibi, nina mafuta motoni."

"Yaungue!" Akamshika kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kikombe kitupu. Bendi ilinyamazishwa. "Nyinyi wote mnasikia? Hata viziwi? Huyu ndiye mwenye nyumba. Mmekula kwake leo. Mimi ni mpangaji wake, tena mpangaji mbaya, kodi silipi."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Sonara Radjkoemar aliinua bilauri ya soda. Lesley, mwanamume mzima mwenye alama za moto wa kuchomelea mpaka mabegani, aligeuka akajifanya anatazama maua.

"Bibi," Warni alimnong'oneza, "si mpaka Jumatatu?"

"Jumatatu ya wakili," Bibi akajibu. "Mimi yangu ni leo. Nilidhani utaniletea yale makaratasi wiki hii, nikawa najiuliza nitawaambiaje watu karibuni. Umeniachia wiki yangu. Nimeliona hilo, mwanangu."

Kisha akaamrisha bendi iendelee, akacheza. Kiuno, si mguu. Lesley alikuwa amesema kweli.

* * *

Jumapili mchana Warni alikwenda kuosha vyombo. Alimkuta Bibi Josefien kwenye kiti chake cha ukumbi wa chini, gauni la nyumbani limefungwa vifungo vyote, kilemba cha jana bado kichwani. Pembeni palikuwa na kikombe cha chai, nusu. Warni alisema, "Bibi, umeamkaje?" akapita na ndoo, akafika jikoni ndipo akasimama.

Alirudi. Alimgusa shavu. Akapiga magoti.

Wazo la kwanza lililompitia halikuwa la msiba. Lilikuwa: kesho saa tatu, wakili. Lilipita upesi kama panya, lakini alikuwa ameliona, na tangu siku ile hakujisamehe.

Alimfumba mdomo kwa kitambaa, akaenda kumwita mke wa Radjkoemar.

Jumatatu saa tatu wakili hakuja. Warni ndiye aliyekwenda ofisini, amevaa nyeupe ya msiba, akasimama mbele ya meza ya karani kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Fungu la mama limehamia kwa watoto wake watatu," karani alisema. "Sasa mnahitaji sahihi tatu badala ya moja. Na kwanza cheti cha urithi, miezi minne, mitano."

"Alikubali. Alisema mbele ya watu mia."

"Alisaini?"

"Sonara alisikia. Mchungaji alisikia. Bendi nzima ilisikia!"

"Dada," karani alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "sikio halisaini."

Benki walimpa jibu fupi zaidi. Tarehe thelathini ni tarehe thelathini.

* * *

Watoto wawili wa marehemu walifika kutoka Rotterdam Jumatano: Iwan, mzee wa miaka sitini na sita mwenye miguu iliyovimba kwa ndege, na Glenda, dada yake. Wa tatu, Ronald, alituma shada la maua. Walikuta nyumba imefagiliwa, vioo vimefunikwa, viti vya kukodi vimepangwa, na mwanamke wa Kijava jikoni anakoroga chungu.

Warni alipika siku nane. Hakuna aliyemtuma. Nani mwingine angepika? Asubuhi alikunja shuka hospitalini, mchana alikuja kupokea waombolezaji. Siku ya tano Glenda aliingia jikoni, akafungua mkoba, akamtilia kitu mfukoni mwa aproni. "Ya usumbufu wako," alisema. "Mama alikuwa na bahati kupata mtumishi kama wewe." Ilikuwa noti ya yuro ishirini.

Warni aliitazama ile noti. Alipotaka kusema, Glenda alikuwa ameshatoka, na wali ulikuwa unaungua. Noti aliirudisha jioni, aliiweka chini ya sahani ya Glenda. Kesho yake akaikuta kwenye sahani ya mbwa wa jirani, imeviringishwa kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mtu aliitupa bila kujua. Aliiokota, akaiosha, akaitia kwenye sanduku la kanisa.

Siku ya nane, kabla ya watu wa nyimbo kuja kuiaga roho ya marehemu, Lesley aliomba kuzungumza. Walikaa ukumbini, Iwan na miguu yake juu ya kigoda. Lesley alitoa bahasha: barua ya benki, makubaliano ya warithi kumi na mmoja, risiti za mabati.

"Yuro elfu arobaini na tano," Iwan alisoma. "Hii bei ya lini?"

"Ya mwaka jana," Warni alisema. "Mama yako aliikubali."

"Mwaka jana mafuta yalikuwa bado baharini. Juzi dalali ameniambia laki moja na elfu ishirini, bila kuingia ndani. Kampuni zinatafuta ofisi."

"Sisi si kampuni, baba. Sisi tuna watoto wanne."

"Mimi nina watatu na wajukuu saba." Iwan alishusha miguu. "Sikiliza, binti. Usinione mtu mbaya. Nimefagia treni miaka thelathini na moja. Nimekaa ghorofa ya tisa, lifti mbovu. Unajua nilikuwa najiambia nini? Nilikuwa najiambia, ipo nyumba ya babu. Hiyo tu. Sasa nikisaini yako, nitajiambia nini?"

Na Warni alikuwa akijiambia hivyo hivyo.

"Mama yako alisema mbele ya mtaa mzima," Lesley alisema. "Alimshika huyu mkono. Akasema, huyu ndiye mwenye nyumba."

"Alikuwa na miaka tisini na glasi mbili za ramu," Glenda akasema. "Mama alikuwa hodari wa utani. Hata hivyo, kama mlikuwa na haraka, kwa nini hamkumleta wakili kabla ya sherehe? Karani ametuambia mlipewa Alhamisi."

Kutoka nje ilisikika redio ya dukani kwa Mchina.

"Ilikuwa wiki yake," Warni alisema.

"Sijakuelewa."

"Alikuwa anawaalika watu. Alikuwa anawaambia, njooni kwangu." Warni alirudisha barua ya benki ndani ya bahasha. "Sikutaka aseme uongo."

Glenda alimtazama, kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. Halafu akatazama pembeni. Iwan alikunja risiti za mabati vizuri, akazirudisha katika bahasha, akaisogeza kwa Lesley kwa kidole kimoja.

"Mabati hatukuwaagiza," alisema, taratibu kabisa.

Lesley alisimama, akatoka. Waliposikia chuma kinagonga ukuta walijua ni ngazi. Warni alimkuta amefika karibu na bati, bisibisi na nyundo kiunoni.

"Shuka."

"Yangu! Sitini! Nitayang'oa moja moja. Walale na nyota!"

"Lesley, watu wa nyimbo wako kona."

"Waimbe! Waimbie mwizi wao!"

"Leo ndiyo siku roho yake inaondoka," Warni alisema. Alikuwa ameshika miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Jirani Radjkoemar alikuwa ametoka mlangoni kwake, amesimama chini ya bendera zake, hasogei. "Mtu hamvui maiti kilemba. Shuka, baba watoto. Nakuomba."

Wimbo wa kwanza ulianza mlangoni, sauti za wanawake wazee, nzito, zinazoburuta. Lesley aliegemeza paji la uso kwenye bati lake, chini kabisa pale pembeni linapokutana na mbao, akalia kwa sauti kama mtoto. Kisha akashuka, akasimama nyuma ya waimbaji, akaimba. Nyimbo zote alizijua.

* * *

Iwan aliondoka Jumatatu iliyofuata. Aliweka mnyororo na kufuli kwenye geti, akampa Radjkoemar ufunguo wa kumwagilia maua. Radjkoemar alikuja mwenyewe kuwaambia, akasimama mlangoni kwao na mfuko wa maembe mabichi, akishindwa mahali pa kutazama ndani ya vile vyumba viwili. "Mimi nilisikia kwa masikio yangu," alisema. "Nitasema popote."

"Tunajua, bwana," Warni alimjibu. "Asante kwa maembe."

Mvua kubwa zilianza mwezi wa sita. Jumapili moja alasiri ilishuka mvua isiyoruhusu mazungumzo, na wote sita walikuwa ndani. Wadogo walipigania kitanda. Serafine alichukua lile pazia, refu kwa dirisha refu, akalitandaza mezani, akalipima kwa dirisha la jikoni, akaanza kulikata. Mkasi ulikuwa butu. Pazia moja likawa matatu, na kipande kikabaki.

"Mama," alisema, bila kuacha kukata. "Ningekuwa mimi, ningesema Alhamisi."

Warni alikuwa anakuna nazi. Alitafuta jibu la mama, lile linalofaa kumwambia binti: kwamba ubinadamu haupotei, kwamba Mungu anaona. Alimtazama mtoto wake, kitabu chake cha uuguzi kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe, akaona hana haki ya kumwambia hayo.

"Najua," akasema.

"Wewe je? Ingerudi ile simu?"

Mbuzi ya nazi ilisimama. Warni alimwona Bibi Josefien juu ya lile gari, amejishikilia, amejaa bluu na nyeupe, anaelekea kwake. Akamwona na Serafine alfajiri, anasimamisha godoro ukutani. Aliwatazama wote wawili, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi.

"Kata vizuri," alisema. "Unakwenda mshazari."

Ndoo chini ya bati ilikuwa imejaa karibu na ukingo. Matone yalikuwa hayasikiki tena yakianguka kwenye chuma, yalianguka kwenye maji. Lesley alikuwa amelala chali, macho wazi, anasikiliza mvua ya mji mzima.

"Kule kwa Bibi hakuvuji," alisema.

"Hakuvuji," Warni akasema, akainuka, akaenda kumwaga ndoo.